Verna Achagua Risasi

Verna Zerbe alishona mashati maisha yake yote ya kazi, katika kiwanda kilichokuwa pale bondeni, mpaka siku kiwanda kilipofungwa na mashine zikapelekwa mbali kwa washonaji wengine. Hakulia kama wenzake. Alirudi nyumbani na mkasi wa kiwanda ndani ya kapu, akaanza kufuga kuku. Ni mwanamke mrefu, mkavu, ambaye ukimpa utani anaupima kwanza kama kitambaa, na akimaliza kuupima utani wenyewe umeshapoa. Namjua tangu tukiwa shule ya msingi na sijawahi kumwona akikimbia. Hata siku ghala lao la majani ya ng'ombe liliposhika moto, alitembea haraka tu.

Mumewe, Lester, alikuwa rafiki yangu. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Kambini alikuwa mtu mwingine kabisa: aliimba akikaanga soseji, akamwiga mchungaji wetu anavyotafuta miwani iliyo usoni mwake, akatuchekesha mpaka watu wakapaliwa na kahawa. Alikufa Septemba, juu ya ngazi, akichuma tufaha. Hakuanguka hata. Verna alimkuta ameegemea tawi, kapu limejaa nusu.

Kambi yetu iko mlimani, juu ya kijito, mwendo wa saa moja kwa lori kama barabara haijafungwa na theluji, na huwa imefungwa. Ni chumba kimoja, jiko la kuni, choo cha nje, na vitanda vya deka vilivyopigiliwa ukutani. Sisi ni watu wa gumegume, gobori la kale linalowashwa kwa jiwe. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unashindilia risasi kwa mdeki, ule ufito mrefu, unaweka baruti kidogo kwenye kisahani pembeni, kisha unaomba Mungu jiwe litoe cheche. Msimu wetu huanza baada ya Krismasi, wakati watu wa bunduki za kisasa wameshawamaliza kulungu wajinga na kutuachia wenye akili. Mtu timamu siku hizo yuko nyumbani anakula keki.

Kitanda cha kambini hakinunuliwi. Mtu akifa, kitanda kinakwenda kwa mtoto wake anayewinda. Lester alikuwa na binti mmoja tu, yuko Arizona, anauza nyumba na hali nyama. Kwa hiyo mazishi yalipokwisha na tumekaa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa tukila nyama baridi na saladi ya viazi, Harlan, mdogo wake Lester, alisogeza kiti chake karibu na Verna.

"Shemeji, pole sana," alisema. "Sasa, kuhusu kile kitanda."

"Kitanda gani?"

"Cha Lester, kule kambini. Cha chini, cha dirishani. Unajua Tad wangu analala sakafuni, na mgongo unamsumbua."

Tad ni mkwe wake Harlan. Anauza bima, na sioni mgongo wake ulichoshwa na nini.

"Kile kitanda ni changu," alisema Verna.

Harlan alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

"Shem, wewe huwindi."

"Nitawinda."

"Hujawahi kushika gobori hata siku moja!"

"Nani unadhani alikuwa analisafisha? Lester?"

Baadaye nilimfuata jikoni, alikokuwa akikausha sahani za kanisa ingawa alikuwa mfiwa na watu walimkataza. Nikamwambia kule kuna baridi, kuna panya, na Harlan anakoroma. Nikamuuliza anataka nini hasa.

"Delbert," alisema bila kuniangalia, "mnasema alikuwa akiimba."

"Kila asubuhi."

"Mimi nimekaa naye maisha yote sijamsikia akiimba. Kanisani alikuwa anafungua mdomo tu. Nataka nilale pale alipokuwa akiimba." Akanipa kitambaa. "Kausha hizo za kioo."

Nikakausha.

Harlan hakuweza kumkatalia mjane mbele ya kanisa zima, kwa hiyo akaweka sharti alilojua lingemmaliza. Verna aje msimu huu, ajishindilie gobori mwenyewe, na akiangusha kulungu kitanda ni chake. Asipoangusha, ni cha Tad, na habari hiyo isitajwe tena. Verna alimpa mkono. Wote tulisikia.

Sasa ikabaki risasi. Hapo ndipo nilipojuta kuwajua watu hawa, kwa sababu mwanamume wa kwetu unaweza kumsema lori lake, mbwa wake na hata mke wake akavumilia, lakini risasi yake usiiguse. Habari zilipoenea kwamba mjane wa Lester anatafuta risasi, wanaume walianza kufika nyumbani kwake kama waliotumwa na serikali. Kila mmoja alikuja na kiboksi mfukoni, akakivulia kofia, akakiweka mezani kando ya mkate.

Harlan alileta zake ndefu, nzito, zenye ncha, zinazofanana na kidole gumba.

"Hizi, shem, zinapita. Zinaingia huku zinatokea kule. Kulungu hajui kimempiga nini."

"Na mimi nitajua?" aliuliza Verna.

"Utajua begani," alisema Harlan.

Tad alileta za kisasa, zimevalishwa koti la plastiki, na maelezo yake yaliandikwa kwenye boksi kwa herufi za dhahabu. Muuza duka alileta za shaba. Mchungaji, ambaye hawindi, alileta ushauri. Kila mmoja alisimulia kulungu wake, dume lenye pembe kama kiti cha kutikisika, na kila dume lilianguka palepale liliposimama. Nimewinda na watu hawa. Kulungu wao hukimbia mpaka kaunti ya jirani.

Na pale juu ya rafu, kwenye kopo la kahawa, zilikuwepo za Lester: goroli za risasi, duara tupu, alizoyeyusha mwenyewe kwenye jiko la Verna mpaka mapazia yakageuka kijivu. Goroli haikai mtutuni peke yake. Unaifunga kwenye kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, unaisukuma chini pamoja nacho.

Nilitegemea Verna atachukua za Lester, atokwe na machozi kidogo, tumalize. Wapi.

"Lester ndiye aliyechagua rangi ya jikoni humu," alisema. Jiko lao lina rangi ya supu ya njegere. "Nitazijaribu zote."

Akazijaribu zote. Alitandika shuka kuukuu juu ya marobota ya majani nyuma ya banda la kuku, akachora duara katikati kwa mkaa, akasimama mbali kiasi cha kutoka mlangoni mwa kanisa hadi barabarani. Mimi nilikwenda kila alasiri kwa sababu mke wangu alinituma, na kwa sababu niliogopa angesahau kuutoa mdeki mtutuni. Wapo waliousahau. Mmoja wao yupo kambini na jina lake ni Harlan. Mdeki wake haujaonekana hadi leo.

Risasi za Harlan zilipiga teke, na Verna akarudi nyuma hatua nzima bila kubadilisha uso. Tukaenda kuangalia shuka. Tundu la kwanza lilikuwa refu, limelala upande, kama mtu aliyechoka. La pili lilikuwa pembeni kabisa, nalo limelala. La tatu hatukuliona.

"Mbona zinafika zimelala?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba ndani ya mtutu kuna mikato inayozunguka ili risasi itoke ikijizungusha kama pia ya watoto. Mtutu wa Lester mikato yake inazunguka polepole, umetengenezwa kwa goroli. Risasi ndefu inataka mzunguko wa kasi. Ikikosa, inayumba na kupinduka hewani.

"Kwa hiyo risasi ya Harlan si mbaya."

"Kwenye mtutu wa Harlan ni nzuri tu."

"Angesema hivyo basi," alisema, akazirudisha kwenye boksi.

Za Tad zilikwenda zilikotaka. Koti moja la plastiki lilitua kwenye maji ya kuku. Za shaba zilikataa kuingia kabisa. Tuliinamia mdeki wote wawili, mimi na yeye, mpaka nikasikia kiuno changu kikitoa sauti, tukaacha.

Goroli za Lester mwanzo nazo zilitawanyika. Hapo nilidhani mambo yameisha. Lakini Verna hakwenda kwenye shuka. Alikwenda kuokota vitambaa, vile vipande vilivyoruka kutoka mtutuni na kuanguka kwenye theluji, akavinyoosha kiganjani kimoja kimoja. Vilikuwa vimetoboka katikati na kuungua kingo.

"Hii ni pamba ya shati jepesi," alisema kwa dharau, kama aliyekuta mtu amevaa kandambili kanisani. "Nani alimwambia atumie hii?"

"Labda ndiyo iliyokuwepo."

"Ilikuwepo kwa sababu ni ya kwangu. Ameikata kwenye kapu langu la kushonea."

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kizito cha mistari, kile cha kufunikia magodoro, akakata kwa ule mkasi wa kiwanda. Goroli ikaingia kwa kubanana, ikahitaji kusukumwa kwa nia. Alipofyatua, tundu likatokea ndani ya duara la mkaa. Likafuata jingine. Mpaka jua linakwenda kuzama, shuka lilikuwa na matundu ungeweza kuyafunika yote kwa sahani ya chai.

"Haya," alisema. "Hii."

Nilifurahi, na nikamwambia. Yeye alisema kuku wamechelewa kula.

Harlan alipopata habari alishika kichwa. Goroli ni ya watoto, alisema, goroli inataka umsogelee kulungu mpaka umwone kope, na Verna kwa viatu vile hamsogelei hata ng'ombe. Verna alimjibu kwamba risasi ndefu inayotembea kifudifudi haina faida ya urefu wake. Harlan alipopata la kujibu, Verna alikuwa ameshakata simu.

Tukapanda mlimani siku ya pili ya mwaka mpya. Jana yake tulishakula nguruwe na kabichi chachu majumbani, kila mtu kwake, kama inavyotakiwa ili mwaka uende vizuri. Verna alikuja na lori lake mwenyewe, koti la Lester, na shati la Lester ndani yake, lile la sufu la mirabamiraba nyekundu na nyeusi. Alipoingia kambini alikuta begi la kulalia la Tad limekwisha kunjuliwa kwenye kitanda cha dirishani. Aliliangalia. Kisha akaweka lake sakafuni, karibu na kuni, asiseme kitu. Mimi nilisema, lakini nilichosema hakiandikiki.

Asubuhi ilifuata msako. Nusu yetu tuliingia msituni kuwasukuma kulungu, nusu wakasimama kwenye njia kuu ya kusombea magogo kuwangoja. Verna aliwekwa chini ya msonobari mkubwa, mahali pazuri. Hata Harlan hakuthubutu kumnyima. Theluji ilikuwa laini na mti ulikuwa umebeba theluji nyingi kwenye matawi.

Nikikaribia ile njia, nilimwona kulungu kabla ya Verna. Jike kubwa, linatembea bila haraka, linasimama, linageuza masikio. Likapita mbele yangu na kuelekea kwake moja kwa moja. Verna alinyanyua gobori taratibu, hata mimi niliyekuwa namwangalia sikuona lilianza lini kunyanyuka. Jike likasimama ubavu, karibu kabisa, umbali ambao Harlan mwenyewe angemwona kope. Na hapo tawi la msonobari likaachia theluji yake.

Haikuwa nyingi. Konzi moja, ikatua kwenye kisahani cha baruti, wakati kidole kimeshavuta.

Ilisikika *tss*. Ikafuka. Kukawa na kimya ambacho kulungu mwenye akili anahitaji nusu yake tu. Halafu *pum*, na moshi ukaufunika msonobari wote.

Tulifika wote tukihema. Verna alikuwa amesimama palepale, anajaza baruti upya, maana ndivyo inavyotakiwa, unajaza kwanza ndipo unaangalia. Kwenye theluji palikuwa na kifungu cha nywele nyeupe, zimenyolewa safi. Damu hapana. Tulifuata nyayo mpaka kwenye kijito, tukavuka, tukafuata tena. Mwanzo zilikuwa za kuruka, mbalimbali, kisha zikakaribiana, kisha jike likaanza kutembea. Mahali fulani lilikuwa limesimama na kula vichipukizi.

"Mzima wa afya," alisema Harlan. "Risasi yangu ingekuwa—"

"Harlan," nilisema.

"Nasema tu."

Verna aliangalia zile nyayo kwa muda. "Amepona?" aliniuliza.

"Amepona kabisa."

"Basi nimekosa," alisema, akageuka kurudi. Alitembea mbele yetu njia nzima, na nilimwonea uchungu mpaka nikashindwa kumfikia.

Kambini hakuna aliyetaka kukaa. Ukuta wa nyuma kwetu umejaa vipande vya mashati. Ni desturi yetu na ya kambi zote za milima hii: ukimpiga risasi kulungu ukamkosa, wenzako wanakukata upindo wa nyuma wa shati, wanaandika jina lako na mwaka, wanaupigilia ukutani. Vyangu vipo vitatu. Vya Harlan vinatosha kushona pazia. Cha Lester hakuna. Miaka yote hakukosa, na Harlan alikuwa amegonga msumari mtupu katikati kabisa ya ukuta, tangu wote wawili wakiwa vijana, kwa ajili ya siku hiyo. Kila msimu Lester alikuwa akiuningʼinizia kofia yake, kumuudhi tu.

Verna alivua koti. Akageuza mgongo, akachomoa shati la Lester kutoka kwenye suruali, upindo ukaningʼinia.

"Kateni," alisema.

Tad akakohoa. Harlan akaangalia jiko la kuni.

"Hapana, shem. Hatukati wageni. Mgeni akikosa tunampa kahawa."

"Kwa hiyo mimi mgeni."

"Makubaliano ni makubaliano. Hukuangusha."

"Sawa." Akaanza kuchomeka tena shati, bila haraka, kama anavyofanya kila kitu. "Basi naondoka na shati langu. Hili likitoka mlango ule, Harlan, halirudi. Nitazikwa nalo."

Harlan aliangalia shati. Aliangalia msumari. Mimi namjua Harlan. Utoto wake wote alikuwa wa pili nyuma ya Lester, darasani, kwenye mpira, kwa wasichana, na kwa kulungu zaidi ya vyote.

"Ni lile alilovaa kila msimu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Lilelile."

"Baba," alisema Tad, "tulikubaliana kwamba kitanda—"

"Nyamaza, Tad."

"Lakini mgongo—"

"Nimesema nyamaza! Wageni hawakatwi. Huyu anakatwa. Kwa hiyo si mgeni. Ondoa begi lako pale."

Tad akaondoa begi. Harlan akachomoa kisu kwa furaha. Verna alikiona kile kisu, akatoa mkasi wake mfukoni, akampa.

"Kata juu ya pindo," alisema. "Na ufuate mraba, usiende upande."

Harlan alikata. Sijawahi kuona mtu akikata kitu kwa upole vile. Akakinyoosha kipande mezani, akatafuta kalamu ya wino mzito, akaandika L.

"Unaandika nini?" aliuliza Verna.

"Jina."

"Lester hakukosa," alisema Verna. "Aliyekosa ni mimi."

Harlan alisimama na kalamu hewani. Nilimwona akitafuta njia, na nilimwona akikosa njia. Mwishowe akaikata ile L kwa mstari mmoja, akaandika pembeni yake VERNA, na mwaka, akakipigilia kwenye ule msumari wake kwa nyundo, mapigo mengi kuliko yaliyohitajika.

"Nimeibiwa," alisema, akaketi.

Verna alichomeka kilichobaki cha shati, akaenda kwenye kitanda cha dirishani, akasimama akikitazama kama shuka lenye matundu. Uso wake haukubadilika, ila alikuwa ameshika nguzo ya deka kwa mikono miwili.

"Kichwa alikuwa analaza upande gani?" aliuliza.

Harlan ndiye aliyejibu.

"Dirishani, shem. Ili aanze kuimba kabla hatujaamka."

Verna akalala pale, mchana kweupe, kichwa dirishani, na viatu vyake vya theluji miguuni. Harlan, ambaye kwa miaka yote hajamruhusu mtu kupanda kitandani na viatu, alitupa kuni moja jikoni na kutuambia tupunguze kelele.